Gome la Mfalme: Botika ya Kasri la Madrid na Kazi ya Kuijua Dawa Halisi

Kabla ya mwaka 1594, mfalme wa Hispania alinunua dawa kama tajiri mwingine yeyote. Wafamasia walioteuliwa na kasri walikuwa na maduka yao mjini. Daktari akiandika dawa, mfamasia aliitengeneza kwa mali yake mwenyewe, akapeleka hesabu kasrini, akasubiri kulipwa. Ubaya wa mpango huo anaujua kila aliyewahi kuuza dawa: viungo vikizidi wingi na bei, bili nayo hunona. Tena hazina ya Felipe wa Pili haikuwa mlipaji wa kutegemewa. Ilishindwa kulipa madeni mwaka 1557, ikashindwa tena 1575, na ingeshindwa tena 1596. Mfamasia anayedai miezi na miezi huku ameshika mizani ana kishawishi kikubwa mkononi.

Mwaka 1594 mfalme akaanzisha Real Botica, ambayo hapa nitaiita Botika ya Kifalme. Kuanzia hapo viungo vilinunuliwa na Taji, yaani serikali ya mfalme, vyombo vikawa vya Taji, na watengenezaji wote, kuanzia Mfamasia Mkuu hadi vijana wa kutwanga, wakala mshahara. Watu wakisikia habari za dawa za wafalme hupenda kuuliza kuhusu lulu zilizosagwa na mawe ya bezoa yaliyotolewa matumboni mwa wanyama. Vitu hivyo vilikuwapo, na vilikuwa vya ghali, na havikumponya mtu. Kwangu mimi ubunifu wa Botika ulikuwa mshahara. Ulimtenga mtu anayepima dawa na faida ya dawa, kisha ukamwachia swali moja ambalo ofisi ile ilihangaika nalo kwa zaidi ya miaka mia mbili: hiki kilichomo ndani ya chombo, ndicho kweli kilichoandikwa nje?

Msingi wa ufundi ulikuwa umekwisha kuwekwa. Tangu 1564 Mflemi mmoja, yaani mtu wa Flandria, Francisco Holbecq, alikuwa akimkenekea mfalme maji na mafuta ya mimea huko Aranjuez. Baadaye kazi ya kukeneka ikakua sana katika monasteri ya El Escorial. Anayejua namna mawardi, yaani maji ya waridi, yanavyotengenezwa hahitaji maelezo mengi. Petali huwekwa na maji ndani ya chombo, hufunikwa kwa kichwa chenye mdomo mrefu, moto huwashwa, mvuke hupanda, hupoa, hudondoka. Ugumu umo katika mambo mawili. Kwanza moto: ukiwa mkali, petali zilizogusa kitako huungua, na harufu ya kuungua huingia katika maji yote wala haitoki tena. Pili ni madini ya kichwa. Kichwa cha risasi au cha shaba huliwa na mvuke wenye uchachu, na mgonjwa hunywa sumu pamoja na mawardi yake. Ndiyo maana huko El Escorial walijenga mtambo kama mnara, uliozungukwa na vichwa vingi vya kioo vilivyopashwa joto kwa mvuke badala ya moto wa moja kwa moja. Mvuke haupandi joto kupita kiasi, na kioo hakitoi kitu. Tatizo lake ni gharama, kwa kuwa kioo kilichopasuka hakirekebishiki.

Kisha kulikuwa na mizani. Hispania ya zama hizo ilikuwa na ratili mbili. Ratili ya sokoni ilikuwa na wakia 16, karibu gramu 460. Ratili ya dawa ilikuwa na wakia 12, karibu gramu 345. Wakia ilikuwa na drakma 8, drakma skrupulo 3, skrupulo punje 24, na punje moja haikufika gramu 0.05. Aliyenunua asali kwa ratili ya sokoni, kisha akaihesabu kama ratili ya dawa, alizidisha asali kwa theluthi nzima bila kugundua. Hatari zaidi ilikuwa katika maandishi. Alama ya wakia na alama ya drakma zilitofautiana kwa mkia wa kalamu tu, na kosa la kusoma moja badala ya nyingine ni kosa la mara nane. Kwa urukususu, ule mzizi mtamu, mgonjwa atalalamika utamu. Kwa afyuni, hataamka.

Kipimo halisi cha duka lolote kubwa la dawa Ulaya kilikuwa teriaka, ile ambayo Waarabu waliiita tiryaq. Mapishi yaliyofuatwa yalitoka kwa Andromako, tabibu wa Kaisari Nero katika karne ya kwanza, yakiwa na viungo 64 hivi. Ilikuwa majuni: unga mwingi uliofungwa kwa asali. Ilidhaniwa kutibu sumu ya nyoka, tauni, kikohozi, tumbo, na karibu kila kitu kingine. Tuitazame kwa vipimo vyake, maana ndani ya vipimo hivyo ndimo unamoona kazi ilivyokuwa ngumu.

Kiungo kikubwa kuliko vyote kilikuwa vidonge vya kitunguu cha baharini, drakma 48. Kitunguu hicho ni kichungu na kikali mno kikiwa kibichi, hivyo kilifunikwa kwa kinyunya cha unga na kuokwa hadi kikalainika. Nyama yake laini ilipondwa na unga wa dengu za porini, sehemu tatu za kitunguu kwa mbili za unga, ikatengenezwa vidonge na kukaushwa kivulini. Baada ya hapo viungo vinne vilipimwa drakma 24 kila kimoja: vidonge vya nyoka, vidonge vya manukato, pilipili ndefu, na afyuni. Drakma 12 kila kimoja zilikwenda kwa waridi, mzizi wa irisi, urukususu, mdalasini, zeri ya Makka na vingine vichache. Lilifuata kundi la drakma 6, ambamo msomaji wa pwani yetu atakuta vitu anavyovijua: manemane, ubani, zafarani, tangawizi, pilipili nyeupe. Manemane na ubani vilitoka Somalia na kusini mwa Arabuni, katika njia zilezile za majahazi zilizofika Lamu na Unguja. Mwisho kabisa, kwa drakma 2 tu kila kimoja, vilikuja vitu kama lami na tezi ya biva, mnyama wa mitoni.

Nyoka waliotumika ni wa ukoo mmoja na bafe wetu, ila wadogo. Muda wa kuwakamata ulikuwa wiki chache tu, majira ya baridi yakiwa yamekwisha na nyoka ameanza kula, kabla jua kali halijamkausha. Jike mwenye mimba hakutakiwa. Kichwa na mkia vilikatwa kwa upana wa vidole vinne, kwa imani kwamba sumu imekaa huko. Kwa kichwa walipatia, kwa mkia walikosea. Ngozi na matumbo yalitupwa, nyama ikachemshwa kwa maji, chumvi kidogo na bizari, ikachambuliwa mifupa, kisha ikatwangwa na makombo ya mkate mkavu. Hapo ndipo udanganyifu ulipoingilia. Sehemu nne za nyama kwa moja ya mkate ni kidonge halali. Mkate ukizidi, kidonge hukauka vizuri zaidi, hung'aa zaidi, hukaa zaidi bila kuoza, na hakina nyoka wa kutajwa. Kwa macho, kibaya kilipendeza kuliko kizuri.

Kutwanga nako kulikuwa na utaratibu. Mizizi na magome magumu yalianza. Mbegu zenye mafuta zilitwangwa pamoja na vitu vikavu ili zisigeuke uji. Utomvu, kama manemane, hunata kwenye mchi kunapokuwa na joto, kwa hiyo ulitwangwa wakati wa baridi au uliyeyushwa kwenye divai. Afyuni nayo ililainishwa kwa divai. Zafarani ilikaushwa polepole kabla ya kusagwa. Unga wote ulipitishwa kwenye chungio laini, na kile kilichobaki juu kilirudishwa kinuni, hakikutupwa, kwa sababu kilichobaki kilikuwa ndicho kigumu na mara nyingi ndicho chenye nguvu. Anayetupa makapi hubadilisha mapishi.

Asali ilikuwa mara tatu ya uzito wa unga. Ilichemshwa taratibu na povu likaenguliwa hadi isitoe povu tena, ikaachwa ipoe kiasi cha kuvumilika mkononi, ndipo unga ukanyunyizwa kidogo kidogo huku mtu akikoroga kwa mwiko mrefu wa mbao. Asali ya moto sana hufukuza harufu ya mdalasini na ubani. Asali iliyobaki na maji huchacha, majuni huvimba na kufurika, hivyo chombo hakikujazwa hadi mdomoni. Asali iliyochemshwa mno huganda kuwa jiwe. Hata ikitoka sawa haikuuzwa papo hapo. Ilikaa miezi kadhaa, na waandishi wa kale walitaka ikae miaka kabla ya kuhesabiwa kuwa imeiva.

Je, ilifanya kazi? Ndiyo, ila si kwa sababu waliyoidhani. Kwa vipimo hivi, punje 75 za majuni zilibeba karibu punje 1 ya afyuni. Mgonjwa aliyekunywa drakma moja alipata afyuni ya gramu 0.05 hivi, kiasi cha kutuliza kikohozi, kufunga tumbo la kuhara na kumpa usingizi aliyekesha kwa maumivu. Viungo vingine zaidi ya sitini vilikuwa msafara unaomsindikiza mgeni mmoja. Mwaka 1745 daktari Mwingereza William Heberden aliishambulia teriaka kwa maandishi, na mwaka 1788 London ikaifuta katika orodha yake rasmi ya dawa. Hispania ilibaki nayo kwa muda mrefu zaidi. Ninavyoona, kosa kubwa la teriaka lilikuwa kwamba haikuweza kukaguliwa. Viungo 64 vikishakuwa tope jeusi tamu, hakuna mfamasia duniani aliyeweza kusema kimoja kimekosekana. Venice ililitambua jambo hilo, ikaamuru viungo vianikwe hadharani na mchanganyiko ufanywe mbele ya watu. Ushahidi pekee uliowezekana ulikuwa wa macho, tena kabla ya kuchanganya.

Katika miaka ya 1690, chini ya Carlos wa Pili, kasri lilifungua maabara ya kemia na kumleta Vito Cataldo kutoka Naples ili atengeneze dawa za madini. Usiku wa mkesha wa Krismasi wa 1734 kasri la zamani liliteketea, na lililopo leo likajengwa mahali pake. Mimea ya dawa ilihitaji shamba. Luis Riqueur, Mfamasia Mkuu wa Felipe wa Tano, alikuwa na bustani mahali paitwapo Migas Calientes, kando ya mto Manzanares. Bustani ya Kifalme ya Mimea ya Madrid ilianza hapohapo mwaka 1755, kabla ya kuhamishiwa Paseo del Prado mwaka 1781. Watalii wanaopumzika chini ya miti ile leo wanapumzika katika tawi la duka la dawa.

Sasa gome lenyewe. Homa za vipindi, zile zinazorudi kila siku ya tatu au ya nne, ndizo tunazoziita malaria, na zilikuwa ugonjwa wa kawaida wa Hispania yenyewe, hasa mabondeni na kwenye mashamba ya mpunga. Katika karne ya 17 Wajesuti, watawa wa Kikatoliki, walileta gome la mti kutoka milima ya Loja, kusini mwa Ekuado ya leo. Mti wenyewe ni mkwinini. Karatasi ya maelekezo iliyotolewa Roma mwaka 1649 ilieleza matumizi yake vizuri kuliko mikebe mingi ya siku hizi. Chukua drakma 2, yaani gramu 7 hivi, saga laini, chunga. Saa tatu kabla ya homa kuanza, loweka katika gilasi ya divai nyeupe kali. Baridi ikianza kumtetemesha mgonjwa, anywe yote pamoja na unga wake.

Hiyo ni dawa iliyo kinyume kabisa cha teriaka. Ina kiungo kimoja, haina siri, na inafanya kazi. Kwa hiyo udanganyifu wote ulihamia kwenye kiungo chenyewe. Hata katika karne ya 17 wafanyabiashara waliuza gome la mcheri lililolowekwa katika maji ya shubiri ili liwe chungu. Mjuzi alitafuna kipande. Uchungu wa shubiri hupiga ulimi mara moja na kuleta kichefuchefu. Gome la kweli huanza polepole, hukausha kinywa kama chai nzito, kisha uchungu hubaki muda mrefu. Alitazama pia umbo, kwa sababu gome changa hujikunja lenyewe kama mdalasini linapokauka juani. Alilivunja kuona kama linakatika safi au linaacha nyuzinyuzi. Alitazama ngozi ya nje, ya kijivu, yenye mipasuko midogo na kuvu wa miti.

Katika karne ya 18 Taji likaamua kwamba gome bora la Loja liwe la Botika ya Kifalme. Misitu ikatengwa, maofisa wakawekwa, makasha yakaanza kushuka kutoka milimani hadi bandari ya Paita, kisha baharini hadi Cádiz, kisha kwa nchi kavu hadi Madrid. Kila hatua ilikuwa na hatari yake. Wachunaji walichuna mti hadi ukafa, halafu wakalazimika kwenda mbali zaidi kila msimu. Gome lililofungwa kabla ya kukauka lilivunda ndani ya kasha na kufika likiwa na ukungu. Magome ya miti ya jamii moja yalichanganywa, mara kwa wizi, mara kwa kutojua tu, kwa sababu mikwinini ni aina nyingi na huzaana yenyewe kwa yenyewe. Wafamasia wa Madrid walifungua makasha, wakatafuna, wakavunja, wakaloweka, wakaandika ripoti: hili ni la mfalme, hili lipelekwe hospitalini, hili halifai. Katika miaka ya 1780, homa zilipoenea vijijini, gome kutoka Botika liligawiwa maskini bure. Sifa hiyo naiheshimu kuliko zote katika historia ya ofisi ile.

Na mabishano yakawaka. Hipólito Ruiz, mfamasia aliyekwenda Peru na José Pavón katika safari iliyoanza 1777, alikuwa na orodha yake ya magome. José Celestino Mutis, aliyekaa katika nchi inayoitwa leo Kolombia, alidai kwamba gome la huko lilikuwa sawa na la Loja, na akayagawa magome kwa rangi: la chungwa, jekundu, la njano, jeupe. Wote walikuwa wasomi wakubwa. Wote walikuwa na macho, pua na ulimi. Hakuna aliyekuwa na namna ya kupima kile kilichokuwa kikiponya.

Wakati huohuo taaluma ilipata mamlaka yake. Mwaka 1780 Carlos wa Tatu aliwatenga wafamasia na baraza la madaktari, Mfamasia Mkuu wa kasri akawa mkuu wa mtihani na ukaguzi wa wafamasia wa nchi. Mwaka 1794 kikatoka kitabu rasmi cha dawa kwa Hispania yote. Sheria zilikuwa tayari, ila kipimo chenyewe hakikuwapo.

Kilipatikana Paris. Mwaka 1820 Pierre Pelletier na Joseph Caventou, wote wafamasia, walitoa kwinini kutoka katika gome. Njia iliyozoeleka baada yao ni ya kueleweka: gome lililosagwa huchemshwa katika maji yenye asidi kidogo, ambayo hulivuta lile lenye nguvu, huongezwa chokaa, nalo hutuama chini, masimbi hukaushwa na kuoshwa kwa spiriti, spiriti huondolewa kwa kukenekwa, na kilichobaki hugeuzwa kwa asidi ya salfa kuwa fuwele nyeupe zinazopimika kwa punje. Asidi ikipungua, kwinini hubaki ndani ya makapi. Na walipolinganisha magome, waligundua jambo ambalo lingewaumiza wajuzi wa Madrid. Gome la njano lilikuwa na kwinini. Gome la kijivu, la aina ya Loja, lile lililotengewa mfalme, lilitoa zaidi dutu nyingine, sinkonini. Baadaye majaribio ya India katika miaka ya 1860 yalionyesha kwamba sinkonini nayo inapambana na malaria, kwa hiyo mfalme hakudanganywa. Lakini ule utaratibu wote wa kuvunja, kunusa na kutafuna ulikuwa umepanga madaraja ya urembo wa gome, kama vile kidonge cha nyoka kilichong'aa kwa wingi wa mkate.

Mti huo ulifika kwetu pia. Leo mikwinini hulimwa Kivu, na kule Bukavu kiwanda cha Pharmakina kimekuwa kikitoa kwinini kutoka katika gome. Na mapema zaidi Wajerumani waliipanda Amani, katika milima ya Usambara, kwenye taasisi waliyoianzisha mwaka 1902. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofunga bahari na dawa za Ulaya zikakoma kufika, Amani ilitengeneza vidonge kutokana na gome la hapohapo. Kisha eneo la kaskazini likachukuliwa mwaka 1916 na mitambo ikabaki nyuma. Jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, pamoja na askari na wapagazi wake, likaendelea kusini na mizigo ya gome. Maji yake machungu yalipewa jina la utani, Lettow-Schnaps. Walilichemsha na kunywa, karibu kama karatasi ya Roma ilivyoelekeza mwaka 1649, bila divai.